Misumari Kumi ya Tusekile

Jana mchana, kwenye kiti cha sebuleni, Tusekile Mwakalinga aliota. Watu wengi huota usiku, wakiwa wamelala kwa hiari yao. Yeye usingizi ulimkuta saa saba na nusu, simu mkononi, fomu ya kuomba vyuo imefunguka, na dirisha la maombi lingefungwa saa kumi jioni hiyo hiyo.

Kabla ya ndoto kulikuwa na ugomvi, na bila ugomvi huo ndoto haieleweki.

Tusekile anataka kusoma uhandisi wa ujenzi, na hakuanza kuutaka jana. Alipokuwa darasa la tano, daraja la miti la kijijini kwao, huko Rungwe, lilichukuliwa na maji mara tatu katika mwaka mmoja. Kila mara wanaume walilijenga vilevile, kwa milingoti ileile, na kila mara lilipokwenda na maji walishangaa vilevile. Mtoto akauliza kwa nini hawabadilishi. Akaambiwa nenda ukasome. Akaenda. Sasa amemaliza kidato cha sita na amepata B ya hisabati, C ya fizikia na C ya kemia, yaani pointi kumi.

Fomu ina mistari mitano ya kuchagua. Yote mitano alikuwa ameijaza Chuo Kikuu cha Jabali: ujenzi, maji, mitambo, umeme, madini.

"Hizi si nafasi tano," dada yake Bupe alimwambia asubuhi, akisoma juu ya bega lake. "Hii ni nafasi moja umeiandika mara tano."

Bupe alikuwa anajua anachokisema. Miaka miwili nyuma alijaza udaktari, chuo kimoja, mistari yote. Hakupata. Tangu hapo anauza kwenye duka la dawa pale njia panda, kwa muda tu, na muda wenyewe ndio huo.

"Mtu hajiandalii kuanguka," baba yao alisema, akifunga kamba za viatu vya mvua. Yeye ni msimamizi wa kituo cha kupokelea majani ya chai, na hakuna anachokisema kwa sauti ndogo. "Nimeshawaambia watu kanisani. Tuse anakwenda Jabali."

"Baba, watu wa kanisani hawapangi wanafunzi vyuoni," Bupe alisema.

"Wanaomba!"

"Basi waombe na chuo cha akiba. Kuna Taasisi ya Ufundi Mkondo. Wana ujenzi, na mwaka jana walichukua kuanzia pointi saba. Tuse, mdogo wangu, weka akiba. Kimoja tu."

Tusekile hakuinua macho. "Akiba ni ya watu walioshindwa," alisema.

Neno likatoka, likakaa katikati ya sebule. Bupe alichukua koti lake jeupe la kazini na mwavuli, akatoka. Baba naye akatoka baada yake, kwa njia nyingine. Tusekile akabaki na fomu. Aliisoma mpaka herufi zikaanza kutembea, kisha akalala.

Anasimama ukingoni mwa mto.

Maji ni ya kahawia na yanakwenda kasi. Katikati yake wanapita makarani wameketi kwenye viti, mmoja mmoja, wakigonga mihuri hewani. Hakuna anayezama. Hakuna pia anayefika.

Juu ya mto kuna daraja lenye nafasi tano za mbao. Nafasi nne ziko wazi. Kwenye nafasi ya kwanza zimerundikwa mbao tano, moja juu ya nyingine, zote zimeandikwa Jabali.

"Umeziweka zote mahali pamoja," sauti inasema.

Tusekile anageuka. Ni fomu. Imesimama wima, ina urefu wa mlango, na pembe yake ya juu imekunjika kidogo.

"Hujapenda?" anaiuliza.

"Mimi ni fomu. Sina maoni. Nina mistari."

Anatazama mkononi mwake. Ana misumari kumi. Minne ina herufi B kichwani, sita ina herufi C. Ina joto, kana kwamba mtu mwingine alikuwa ameishika kabla yake.

Kando ya daraja kuna meza, na kwenye meza amekaa mzee mwenye suti iliyobana. Mifuko yake yote imejaa karatasi za kalenda.

"Shikamoo," Tusekile anasema.

"Marahaba. Mimi ni Mwaka Jana."

"Nashukuru kukufahamu."

"Ubao wa ujenzi wa Jabali ulishikwa na misumari kumi na mmoja," Mwaka Jana anasema bila kuulizwa.

"Mimi ninayo kumi."

"Naiona."

"Kwa hiyo sitapata?"

"Sikusema hivyo. Mimi si Mwaka Huu. Mwaka Huu bado yuko njiani, na akifika ataitwa kwa jina langu, nami nitastaafu. Watu wananiuliza kana kwamba mimi ndiye ninayeamua. Mimi nakumbuka tu."

Tusekile anavua kiatu, anapiga magoti na kuanza kugongomelea ubao wa Jabali kwa kisigino. Anaingiza misumari yote kumi. Upande mmoja unashika. Upande wa pili unacheza. Anaukanyaga, nao unainama, unatulia, unainama tena, kama mtu anayefikiria jibu.

"Utauacha?" Mwaka Jana anamuuliza.

"Siuachi. Ni ubao wangu wa kwanza na utabaki wa kwanza."

"Vizuri. Na mbele yake?"

Tusekile anatazama. Mbele ya ubao wa kwanza ni maji.

"Nimewaona wengi wakiingia hapo," Mwaka Jana anasema. "Wengine walikuwa na matokeo mazuri sana. Walipiga mbizi nayo."

Misumari imerudi mkononi mwake, yote kumi, na bado ina joto.

"Pointi haziishi," fomu inasema. "Watu hudhani zinaisha."

Anapoinua mguu kuondoka, mto haupo. Yuko kwenye korido ndefu ya Jabali, sakafu inang'aa, na kuna foleni. Ni foleni iliyonyooka sana. Watu wake wamesimama kwa adabu, na vumbi limewatulia mabegani.

Wa mbele kabisa ni Bupe. Amevaa koti lake jeupe la dukani. Ameshika karatasi yenye namba.

"Dada, unafanya nini hapa?"

"Nimepanga foleni. Mimi ni mia nne kumi na mbili. Wameshaita mia nne kumi na moja."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Buibui amefuma utando kutoka sikio la Bupe mpaka ukutani. Yeye naye ameshika karatasi. Ni mia nne kumi na tatu.

Mbele yao kuna dirisha dogo la mbao, nusu wazi. Linashuka lenyewe, taratibu, upana wa ukucha kwa kila pumzi.

"Mimi ni dirisha la maombi," dirisha linasema. "Nitafungwa saa kumi."

"Na huyu dada yangu?"

"Huyo alikuwa wa dirisha lile pale." Tusekile anatazama linakoonesha. Pana ukuta. Matofali ya mahali hapo ni mapya kidogo kuliko mengine.

"Dada, tuondoke."

"Nikitoka nitapoteza nafasi yangu," Bupe anasema.

"Hakuna nafasi. Kuna ukuta."

Bupe anautazama ukuta kwa muda. Anaonekana kama mtu aliyekuwa akiujua, ila hakuwa amepata nafasi ya kuusikia kwa sauti.

Tusekile anavuta pumzi. Hata ndotoni jambo hili ni zito. "Dada, asubuhi nilisema vibaya."

"Ulisemaje?"

"Kwamba akiba ni ya walioshindwa."

"Mimi sikuweka akiba," Bupe anasema. "Kwa hiyo hukunisema mimi."

Anampa buibui namba yake. Buibui anashukuru na kusogea mbele hatua moja. Tusekile anamshika dada yake mkono na wanatoka.

Nje ni mchana mkali. Kuna kibao kikubwa kimesimama kando ya barabara kwa miguu miwili ya chuma. Kimeandikwa CHUO CHA BORA UPATE, na chini yake, kwa rangi tano, fani zote zilizopo duniani.

"Umepata!" kibao kinasema.

"Sijaomba," Tusekile anasema.

"Umepata hivyo hivyo. Misumari miwili inatosha. Mwenye mmoja naye tunamfikiria."

"Mnafundisha uhandisi wa ujenzi?"

"Umeandikwa."

"Maabara iko wapi?"

"Imeandikwa pia. Mstari wa tatu, rangi ya kijani."

"Bodi ya wahandisi inakitambua chuo?"

Mguu mmoja wa kibao unaanza kuzama ardhini. "Bodi inanijua kwa sura," kinasema.

Bupe amekwenda nyuma ya kibao. Anarudi. "Huku kuna ng'ombe," anasema. "Watatu. Wako vizuri."

Tusekile anahesabu. Angetumia misumari miwili na kubakiwa na minane. Anaijaribu akilini, anapima kama wanavyopima mafundi. Misumari minane ya ziada haishiki ubao usiokuwepo.

"Hapana," anasema. "Ahsante."

"Umepata!" kibao kinapiga kelele nyuma yao, kikizama. "Umepata! Umepa—"

Wanafungua mlango. Ulikuwa mlango wa jiko la nyumbani kwao, lakini unafungukia uani kwa Taasisi ya Ufundi Mkondo.

Si pakubwa. Kuna majengo mawili ya bati, mti wa mparachichi na banda lenye mashine. Chini ya banda, juu ya benchi, kuna mchemraba wa zege, kile kipande cha pande sawa ambacho wajenzi hukimwaga pembeni ili wakipime nguvu. Kiko peke yake, kijivu, kona zake kali.

"Shikamooni," kipande kinasema.

"Marahaba," Tusekile anajibu, ingawa ana miaka kumi na tisa. "Una umri gani?"

"Siku moja."

"Unaweza kubeba nini?"

"Leo? Panzi. Uniulize siku ya ishirini na nane."

Tusekile anachuchumaa ili waonane. "Hapa mnafundisha ujenzi?"

"Mimi nimemwagwa na wanafunzi wa mwaka wa pili. Siku yangu ikifika wataniponda kwenye ile mashine. Si kwa ubaya. Wanataka kujua."

"Bodi inawatambua?"

"Wanakuja, wanakagua, wanakunywa chai, wanaandika. Mwaka fulani waliandika kwamba ngazi za maabara ni mbaya. Zikabomolewa. Zimejengwa upya na waliozibomoa."

"Na wanaotoka hapa wanajenga nini?"

"Makalvati. Barabara za wilaya. Madaraja mafupi."

"Mafupi kiasi gani?"

"Kiasi cha mto," kipande cha zege kinasema.

Kwa muda mrefu Tusekile alikuwa akijiona juu ya daraja lenye nyaya na taa, kama yale ya kwenye kalenda. Hajawahi kujiuliza linavuka nini.

"Misumari mingapi?" anauliza.

"Saba. Utabakiwa na mitatu, nayo ndiyo ya mvua isiyotarajiwa. Lakini kuna sharti. Chuo cha akiba lazima ukilalie kwanza."

Hapo hapo pana kitanda cha chuma, cha juu na cha chini. Tusekile analala cha chini. Godoro ni jembamba na linamwongelesha mgongoni.

"Ukija hapa, na wenzako wako Jabali, utanilalia kwa hasira?"

Anafikiri. Godoro linasubiri. Kudanganya godoro haiwezekani. Uzito wako wote uko juu yake.

"Wiki ya kwanza, ndiyo," anasema.

"Wiki ya kwanza nimezoea. Na wiki ya pili?"

"Wiki ya pili nitaamka mapema nikaangalie ile mashine inavyoponda."

"Inuka," godoro linasema. "Umelala vizuri."

Kando ya kipande cha zege kuna sanduku dogo la chuma lenye zege bichi, bado linang'aa kwa maji. "Huyo ni mdogo wangu," kipande kinasema. "Amemwagwa sasa hivi. Hapa hatuna kalamu. Dole gumba litatosha."

Tusekile anabonyeza dole gumba. Zege ni baridi na lina changarawe, na linamshika kidogo kabla ya kumwachia. Alama inabaki. Inaonekana ya mtu mwenye haraka.

"Na wewe," kipande kinamwambia Bupe.

"Mimi siombi uhandisi."

"Hukuulizwa unaomba nini. Umeulizwa kama unaomba."

Bupe anatazama mikono yake. Ni mikono iliyohesabu vidonge vya watu wengine kwa miaka miwili. Anafunga kifungo cha koti jeupe, kana kwamba mtu amemwita ofisini. Kisha anainama na kubonyeza, taratibu, mpaka kwenye kiungo.

Mto umerudi. Daraja lipo, na ubao wa Mkondo uko mahali pake. Tusekile anagongomelea misumari saba, kisha mitatu juu yake. Anarukaruka juu ya ubao kwa miguu miwili. Hautikisiki. Anarudi kwenye ule wa Jabali, unaocheza, anasimama juu yake mikono imenyooka, na kwa mara ya kwanza hauogopi, kwa kuwa anajua mguu utaangukia wapi.

"Haya," anaiambia fomu. "Nivuke."

"Bado hujanituma," fomu inasema.

Kwa mbali, dirisha linaita kwa sauti iliyobanwa. Limebaki upana wa kiganja. "Saa tisa na nusu!" linasema. "Saa tisa na nusu, na dakika moja!"

Tusekile aliamka. Simu iliandika saa tisa na dakika thelathini na moja.

Hakupiga mwayo. Aliketi wima, akafuta mistari ya tatu, ya nne na ya tano. Wa kwanza akauacha: Jabali, ujenzi. Wa pili akauacha: Jabali, maji, maana maji nayo aliyataka kweli. Mitambo, umeme na madini hakuwahi kuyataka. Aliyaweka ili mistari ijae.

Kisha hakujaza kwa kubahatisha. Alitafuta Mkondo kwenye orodha ya vyuo, akasoma fani, akasoma sifa za kujiunga, akafungua orodha ya bodi ya wahandisi na kushuka nayo kwa kidole mpaka jina alipoliona. Lilikuwepo. Mwaka jana, pointi saba. Mstari wa tatu: Mkondo, ujenzi. Iliyobaki akaiacha tupu.

Mtandao ulizunguka. Tusekile alitoka nje kwenye manyunyu, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na choo, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, akainua simu kwa mikono miwili. Saa tisa na dakika arobaini na nne, ujumbe ukaingia: maombi yako yamepokelewa.

Baba yake alimkuta bado yuko juu ya ndoo.

"Umejaza?"

"Nimejaza, baba."

"Jabali?"

"Jabali ya kwanza. Jabali ya pili. Mkondo ya tatu."

Baba alisimama na maji yakimtiririka kwenye kofia. "Mkondo," alisema. "Sasa nitawaambia nini kanisani?"

Siku nyingine angeangalia chini. Jana alishuka kwenye ndoo, akasimama mbele yake. "Waambie nimeomba, baba. Hilo ni kweli tayari. Jabali wakinichukua nitakwenda Jabali. Wasiponichukua nitakwenda Mkondo, na nitakwenda kwa moyo wote. Sitakaa nyumbani nikisubiri."

Baba alimtazama. Labda alimwona yeye, labda alimwona yule mwingine aliyekaa nyumbani akisubiri, na ambaye hakuna mtu kanisani aliyewahi kutangaziwa habari zake.

"Huko Mkondo kuna baridi?" hatimaye aliuliza.

"Kama hapa."

"Basi utabeba blanketi," alisema, akaingia ndani kuvua viatu.

Bupe alirudi saa kumi na robo, mapema kuliko kawaida. Aliukung'uta mwavuli barazani, akaketi bila kuvua koti jeupe. Tusekile alimmiminia chai. Saa kumi ilikuwa imeshapita, na alihisi uchungu wa kuchelewa kuwaza.

"Dada, ningekupigia simu, wewe nawe ungejaza. Dirisha limefungwa."

"Nimejaza," Bupe alisema. "Saa tisa na dakika arobaini, pale pale dukani. Famasia mbili, uuguzi mmoja. Vyuo vitatu tofauti."

"Umeamua lini?"

"Mchana kulikuwa hakuna wateja. Nililaza kichwa kwenye kaunta kidogo. Nilipoamka nikajaza." Alipuliza chai.

Tusekile aliketi karibu yake. "Dada, asubuhi nilisema vibaya, na nina—"

"Si umeshaniomba radhi?" Bupe alisema, kisha akakunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka neno hilo amelisikia wapi.

Akashika kikombe kwa mkono mmoja, na kwa ukucha wa kidole cha mkono wa pili akaanza kukwangua kitu kigumu, kijivu, kilichokaukia kwenye dole gumba lake mpaka kwenye kiungo.

"Nini hicho?" Tusekile aliuliza.

"Sijui. Ni kama saruji," Bupe alisema. "Nimeosha kwa sabuni, kwa spiriti, haitoki. Na pale dukani hatuuzi."